Kliniki ya Mtoto na SHA: Yasemwayo Mtaani na Yaliyo Kweli

Shoga yangu mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alikaa miezi minne bila kumpeleka mtoto kliniki. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mwaka mmoja na mwezi, mashavu yamejaa, ana meno sita, na kijitabu chake kiko juu ya kabati ndani ya bahasha ya kaki. Nilipomuuliza mbona haendi, alinijibu kwa sauti ya chini: "Sijalipa SHA, dada. Nikienda nitaaibishwa bure mbele za watu."

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwamba mtoto hapokewi mpaka mzazi awe amelipia SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Si kweli. Chanjo zilizo kwenye ratiba ya taifa hutolewa bure katika vituo vya serikali, na zilikuwa bure miaka mingi kabla SHA haijaundwa. Zahanati na vituo vya afya vya serikali vyenyewe viliondolewa ada tangu Juni 2013.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu SHA, iliyochukua mahali pa bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, ina mifuko mitatu, na mtaani tunaitaja kama mmoja. Upo mfuko wa afya ya msingi, unaojazwa kwa pesa za kodi, nao ndio unaolipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Upo mfuko wa bima, ambao ndio unaodai mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliyeajiriwa, na kwa mama muuza mahamri kiasi kinachokadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Huo ni wa kulazwa, kupasuliwa, kujifungua. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Mtoto anayekwenda kupimwa uzani yuko kwenye mfuko wa kwanza, na mfuko huo unataka mtu awe amesajiliwa tu. Kusajiliwa hakuna malipo. Unabonyeza *147# kwenye simu yoyote, hata ya kitufe, au unakwenda na kitambulisho kituoni wakusaidie.

Basi nikafuatana naye Jumanne asubuhi. Sista alimvua mtoto nguo, akamvika ile suruali ya mizani, akamning'iniza; mtoto akapiga kelele hadi benchi la nje wakacheka. Kilo 8.7. Sista akafungua kijitabu, akatia nukta kwenye chati, akaiunganisha na nukta ya miezi tisa. Kilo 8.6. Mstari uliokuwa ukipanda vizuri tangu kuzaliwa ulikuwa umelala kama meza. Kisha akamzungushia tepu kwenye mkono, juu ya kiwiko: kijani, sentimita 13. Chini ya 12.5 ingekuwa manjano, chini ya 11.5 nyekundu, na nyekundu ni utapiamlo mkali unaotaka matibabu mara moja.

Kwa hiyo hakuwa hatarini. Lakini nyinyi na mimi tungemtazama yule mtoto tukasema mashaallah, amenona. Jicho la mama haliwezi kuona kwamba mtoto amesimama kukua, kwa kuwa linamwona kila siku. Wanaosema kliniki ni ya mtoto mgonjwa, mzima hana haja nayo, nawaomba waikumbuke ile chati. Sista aliuliza anakula nini. Uji wa mahindi, chai, mkate. Akaelekezwa kuongeza yai, samaki aliyechambuliwa miiba, kunde zilizopondwa, kijiko cha mafuta kwenye uji. Akapewa vitamini A na dawa ya minyoo, ambazo kuanzia mwaka mmoja mtoto huzipata kila miezi sita mpaka atimize mitano. Hakuna aliyeuliza habari ya mchango.

Dhana nyingine imeenea sana hapa Mombasa: sindano ya miezi tisa ndiyo ya mwisho. "Amemaliza kliniki," wanasema, na kijitabu kinapanda kabatini. Hajamaliza. Kuna dozi ya pili ya surua na rubela akifika miezi 18, na wanaoifuata ni wachache kuliko walioipata ya kwanza. Si nyongeza ya hiari. Katika miezi tisa kinga aliyorithi kwa mamake huweza kuwa bado mwilini ikaizuia chanjo kufanya kazi, na takriban mtoto mmoja kati ya saba hubaki bila kinga ingawa alichomwa. Dozi ya pili ndiyo inayomfikia huyo, na hakuna anayejua kwa kumtazama kama ni wako. Ukiwa umechelewa, nenda tu. Dozi hazianzwi upya, zinaendelezwa pale zilipokomea.

Wengine huamini mtoto akizaliwa anaingia moja kwa moja kwenye bima ya mzazi. Haingii. Lazima umwongeze kama mtegemezi wako, kwa cheti cha kuzaliwa, au kwa mtoto mchanga, ile notisi ya kuzaliwa mliyopewa mlipojifungua. Mwongeze mapema. Nimewaona wazazi wakihangaika na simu usiku, mtoto anahema kwa nimonia na jina lake halipo kwenye mfumo, na wao wamelipa mwaka mzima.

Walio na bima ya kazini nao wanadhani wamefunikwa kila upande. Bima nyingi za kampuni hutenga kiasi maalumu cha chanjo, na kikiisha unalipa mwenyewe. Iliyo ya kulazwa pekee hailipii kliniki hata kidogo. Chanjo ya tetekuwanga, kwa mfano, haimo kwenye ratiba ya taifa, kwa hiyo ukiitaka hospitali ya kulipia, uliza kwanza kama bima inaigharimia. Zile za ratiba ni zilezile za zahanati, mara nyingi hospitali hizo huzipata serikalini na kukutoza ada ya huduma tu.

Na ukiweza, usivuke mji kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kwa ajili ya kupima uzani. Mfuko wa msingi ulikusudiwa vituo vya mtaani, ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya, na foleni ya rufaa ni ya wenye rufaa.

Nisifiche kwamba aibu aliyoiogopa shoga yangu haikutoka hewani. Mimi mwenyewe, katika kituo kimoja, karani aliniambia dirishani "lipa SHA kwanza," nikageuka na mwanangu mgongoni ndani ya leso. Leo nisingegeuka. Ningemwambia, kwa heshima, "Nimekuja kliniki ya mtoto, nimesajiliwa, naomba kuonana na sista wa chanjo."

Shoga yangu ameandikiwa kurudi mwezi ujao. Bahasha ya kaki sasa imetundikwa msumarini, nyuma ya mlango.