Kinyesi cha Mbuzi Kilichohifadhiwa na Tope la Ziwa

Aliyewahi kuchunga mbuzi anakijua kinyesi chao: punje ndogo, ngumu, nyeusi, ambazo zikikauka huvunjika na kuchanganyika na vumbi la zizi. Katika kijiji cha kale kiitwacho Arbon Bleiche 3, kando ya Ziwa Konstanz upande wa Uswisi, punje za namna hiyo zimekaa zaidi ya miaka 5,300 bila kuoza, na kwa maoni yangu hazizidiwi thamani na chungu chochote kilichofukuliwa pale.

Kilichozihifadhi ni maji. Kijiji kilijengwa ufukoni na wakulima wa mwishoni mwa Zama za Mawe, kikateketea kwa moto, kisha ziwa likapanda na kukifunika kwa mashapo. Tope lililoshiba maji halipitishi hewa, na pasipo oksijeni, bakteria na kuvu waozeshao mbao, mbegu na majani hushindwa kufanya kazi yao. Ndiyo maana wachimbaji wa mwaka 1993 hadi 1995 waliweza kuzitambua nyumba 27 kwa nguzo zake.

Nguzo hizo ni kalenda. Mti wa nchi yenye majira ya baridi huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa neema na nyembamba mwaka wa shida. Mfuatano huo ukilinganishwa na wa miti ambayo umri wake umekwisha kujulikana, na pete ya mwisho chini ya gome ikiwa ingalipo, hupatikana mwaka hasa mti ulipokatwa. Hivyo tunajua kwamba nyumba ya kwanza ilijengwa mwaka 3384 Kabla ya Kristo, na kwamba kijiji kiliungua mnamo 3370. Mtoto aliyezaliwa siku nguzo ya kwanza iliposimikwa hakuwa amefikisha miaka 15 moto ulipowaka.

Turudi kwenye kinyesi. Punje hulowekwa, hufumuliwa taratibu kwa kibano, na vilivyomo hutazamwa kwa hadubini. Humo vimeonekana vipande vya vijiti, miiba ya vichaka vya beri ya porini, na chavua nyingi ya miti ya hazeli na alda. Chavua ndiyo itajayo majira, kwa kuwa miti hiyo huchanua baridi ikielekea kwisha, kabla haijatoa majani. Basi mbuzi au kondoo hao (vinyesi vyao ni vigumu kuvitofautisha) walikuwa karibu na kijiji wakati ambao nyasi ni haba, wakijikimu kwa vichaka. Miiba nayo inadokeza kwamba walijitafutia wenyewe, maana anayewakatia mifugo majani hana sababu ya kujichoma mikono kwa hiari.

Wenye mifugo hiyo walilima ngano, shayiri, kitani na mpopi, lakini hawakuuacha msitu: waliokota kokwa za hazeli na matufaha mwitu, wakawinda kulungu. Samaki walikuwa chakula chao pia, na hapo ushahidi umetoka tena katika kinyesi, safari hii cha binadamu, kilichokutwa na mayai ya tegu wa samaki. Mdudu huyo humwingia mtu kwa njia moja tu, nayo ni kula samaki mbichi au asiyeiva vizuri.