Hivi chombo cha angani kinajuaje kiko wapi Mwezini na huko hakuna GPS?

Zamani walikuwa wanakadiria tu, wanafuatilia mawimbi ya redio toka Duniani na kompyuta ya chombo nayo inapiga hesabu zake, na makadirio bana yanapotoka kidogo kidogo mpaka unajikuta mbali, ndo maana Apollo 11, chombo cha Wamarekani kilichopeleka watu Mwezini, mwaka 1969 ilitua kama kilomita 6 kupita pale walipopanga, tena ilibidi kamanda wake Armstrong aendeshe kwa mkono maana kompyuta ilikuwa inawapeleka kwenye mawe makubwa makubwa.

Wajapani na chombo chao SLIM wakaja na akili nyingine. Si unajua ukielekezwa nyumba uswahilini huambiwi namba wala jina la mtaa, unaambiwa ukifika kwenye mbuyu kata kushoto, ukiona mashine ya kusaga umefika? Basi kwa SLIM mbuyu ni kreta, yale mashimo yaliyojaa Mwezini. Kiliondoka na ramani zake kichwani, zimetengenezwa na picha za vyombo vilivyozunguka Mwezi miaka ya nyuma kama Kaguya ya hao hao Wajapani, halafu kikiwa kinashuka kamera inapiga picha, kompyuta inachambua mashimo yako wapi na yamekaaje, inalinganisha na ramani, ikipata panapofanana inajua imepotoka kiasi gani na inajirekebisha. Yote ndani ya sekunde chache, na kompyuta zenyewe za angani ni dhaifu kuliko simu yako maana lazima zihimili mionzi. Kuuliza Duniani nako haiwezekani, swali na jibu ni kama sekunde 2 na nusu njiani, we utakuwa ushagonga chini.

Tarehe 20 Januari 2024 kikatua karibu na kreta ya Shioli, mita 55 tu toka walipolenga, na lengo lilikuwa ndani ya mita 100. Hata hizo 55 kamera haina kosa kubwa, mpaka kimo cha mita 50 hivi kilikuwa kimekosea mita 10 au pungufu, ila hapo injini moja kati ya mbili ikapoteza nguvu kikasukumwa pembeni, kikatua kichwa chini, sola zikaangalia magharibi wakati jua liko mashariki, umeme ukakosekana, ikabidi wakizime mpaka jua lilipozunguka siku kadhaa baadaye kikaamka. Tumejuaje kilisimama kwa kichwa? Kabla hakijagusa chini kilidondosha kirobo kidogo cha duara, kilichoundwa pamoja na kampuni ya midoli ya Tomy, ndo kikampiga picha mkubwa wake.