Udhibiti wa ndege kero bila ukatili: maana yake ni nini?

Kila asubuhi mama jirani hufunika vifaranga wake kwa tenga na kuweka jiwe juu. Siku akisahau jiwe, kunguru huja wawili: mmoja anamchokoza kuku mwenyewe upande huu, mwenzake anachomoa kifaranga upande ule. Ukimwambia mama huyu kuna kitu kinaitwa kudhibiti kunguru bila ukatili, ana haki ya kukuuliza: ukatili upi, na wao je?

Dhana yenyewe haimaanishi kwamba ndege hauawi. Maana yake ni kupunguza ndege wanaosumbua watu, au kuwaondoa pahala fulani, kwa kibali cha mamlaka, kwa njia yenye maumivu kidogo iwezekanavyo, na bila kudhuru ndege asiyehusika. Kikikosekana kimojawapo, hayo ni mauaji tu.

Tuanze na neno kero, kwa sababu huchanganywa na mengine. Kweleakwelea anayevamia mtama ni ndege mharibifu wa mazao, ana taratibu zake. Kongoti, yule ndege mkubwa mwenye kipara anayejaa kwenye majalala ya Kampala na kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, Nairobi, anaweza kuwa kero kwa kinyesi na harufu, lakini ni mwenyeji wa bara hili. Kunguru wa India, ambaye Mombasa wengi humwita kurabu, ni kero na tena ni mvamizi: aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, kisha akaenea pwani nzima akila mayai na makinda ya ndege wa asili. Kwa kongoti, kumhamisha na kusafisha jalala kunatosha. Kwa kurabu, wataalamu wengi wanakubali kwamba lazima idadi yake ishuke, na hapo ndipo swali la namna ya kumuua linapokuja.

Mwezi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza lengo la kuwaondoa kunguru milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo. Sumu iliyoruhusiwa ni Starlicide, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege aitwaye kwezi. Haiwekwi siku ya kwanza. Kunguru ni mwerevu, kwa hiyo hulishwa nyama safi siku kadhaa pahala pale pale mpaka azoee, ndipo nyama yenye dawa huwekwa. Dawa huharibu figo. Ndege husinzia, na kwa kawaida hufa ndani ya siku moja hadi tatu. Sifa yake ni kwamba huvunjika haraka mwilini, hivyo mwewe au paka akila mzoga, hatari kwake ni ndogo. Lakini siku tatu si muda mfupi kwa kiumbe anayekufa, na sipendi kusikia watu wakisema hana maumivu kana kwamba wamemuuliza. Naikubali kwa masharti: iwekwe na waliofunzwa, wakazi watangaziwe mapema, mizoga ikusanywe. Tofauti yake na Furadan, sumu ya shambani ambayo watu wamewahi kuipaka kwenye chambo kimyakimya, ni kubwa mno: ile huua mwewe, mbwa, na ikikosewa hata mtoto.

Mtego wa tundu ni njia nyingine. Ni chumba cha waya chenye mlango wa juu. Kunguru huingia akifuata nyama na wenzake waliomo ndani, kisha hashindwi kuingia bali hushindwa kutoka. Ukatili au utu wa mtego huu uko kwenye mambo madogo: kuna maji? kuna kivuli? unakaguliwa kila siku? Akiingia kunguru wetu wa asili, mwenye kifua na shingo nyeupe, anaachiwa palepale? Ulimbo na manati hayana nafasi hapa. Niliwahi kumwona kunguru aliyevunjwa bawa kwa manati akitembea mtaroni tangu asubuhi hadi jioni, wenzake wakipiga kelele juu ya nyaya, na hakuna aliyejua ni kazi ya nani kummaliza.

Sasa tazama Basel, Uswisi. Kuanzia 1961 hadi 1985 jiji hilo liliua njiwa wapatao 100,000, na idadi yao haikutetereka, ilibaki kama 20,000. Njiwa mmoja akifa, mwingine hupata nafasi na chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakabadili mwendo: wakawaomba watu waache kuwalisha, na njiwa wakapungua hadi nusu hivi katika miaka minne. Ndiyo maana nasema kuua bila kugusa chakula ni ukatili hata kama sumu ni nzuri, kwa sababu ndege hao wamekufa bure na mwakani watakufa wengine.

Nyuma ya nyumba ya mama jirani kuna bucha. Mifupa na matumbo hutupwa kwenye pipa lisilo na kifuniko, na ikifika saa nne kunguru wamejipanga juu ya bati wakingoja. Kibali cha sumu hutolewa na mamlaka; pipa ni la bucha, na lori la taka ni la halmashauri. Kifuniko hicho hakijawekwa bado, na jiwe la mama bado liko juu ya tenga.