Mwalimu wa Wito Naye Hulipa Nauli

Usemi kwamba ualimu ni wito husikika zaidi msimu wa majadiliano ya mishahara. Hapa Kenya, vyama vya walimu vya KNUT na KUPPET vikishaketi na TSC, tume ya serikali inayowaajiri walimu, kila mtu mjini humkumbusha mwalimu kwamba hakuingia darasani kutafuta pesa. Msimamo wangu ni kwamba wito na mshahara havifanyi kazi moja, kwa hiyo kimoja hakiwezi kuziba pengo la kingine. Wito ndio humfanya mwalimu arudie hesabu za sehemu kwa njia ya tatu baada ya darasa kutoelewa njia mbili za kwanza. Mshahara humpa saa za kufanya hivyo.

Tupige hesabu. Mwalimu mwanagenzi, yaani wa mkataba wa muda wa kujifunza kazi, wa sekondari msingi hulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato haimgusi: asilimia 10 ya kiasi hicho ni 2,000, na nafuu ya kodi ni 2,400. SHIF, bima ya afya ya taifa, huchukua asilimia 2.75, yaani 550. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni 300. NSSF, hazina ya pensheni, kwa asilimia 6 ni 1,200. Anabaki na 17,950. Tuseme anaishi Kayole na kufundisha Kawangware, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, 300 kwa siku. Siku 22 ni 6,600. Chumba kimoja, 5,500. Zinabaki 5,850 za chakula, maji, stima, na jamaa wa mashambani wanaojua tu kwamba mtoto wao sasa ni mwalimu Nairobi. Mwanagenzi wa shule ya msingi hupewa 15,000, ilhali mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida jijini ulipandishwa hadi 16,113.75 mnamo Novemba 2024.

Basi hutafuta tuisheni, na hapo ndipo masomo huumia bila mtu kuona. Darasa la wanafunzi 60, dakika tatu kwa kila daftari, ni saa tatu za kusahihisha. Akiwa na mikondo minne, ni saa 12 kwa zoezi moja tu. Mtu anayetoka shuleni saa kumi, akafundisha mtoto wa watu katika mtaa wa kitajiri wa Lavington hadi saa moja na nusu, akafika Kayole saa tatu usiku, atazitoa wapi saa hizo? Hupunguza insha, huongeza maswali ya kuchagua jibu, huwaachia wanafunzi wasahihishiane. Mwalimu mkuu akikagua, madaftari yana alama za vyema na anaridhika. Ila hakuna aliyemwonyesha mtoto alikosea wapi.

Hata hivyo, wanaosema ongeza pesa na matokeo yatapanda yenyewe nao wanakosea. Indonesia iliwaongezea walimu walioidhinishwa kiasi sawa na mshahara wao wa msingi. Utafiti uliofuata ulikuta kwamba walimu waliridhika zaidi, na kazi za pembeni na shida za pesa zikapungua, lakini wanafunzi hawakujifunza zaidi. Saa zilipatikana, hakuna aliyepanga zitumikeje. Bonasi za mitihani zina shida yake pia. Zilipojaribiwa Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, alama zilipanda kwa muda kwa sababu walimu waliongeza vipindi vya kujiandaa na mtihani, ila mahudhurio yao hayakubadilika na faida haikudumu. Ukilipia alama, utauziwa alama.

Kuna jaribio jingine ambalo wapenzi wa mikataba nafuu hulitaja nusu. Magharibi mwa Kenya, walimu wa mkataba waliolipwa sehemu ndogo ya mshahara wa TSC walifundisha vizuri. Mpango ulipopanuliwa nchini, ulifaulu chini ya shirika lisilo la serikali, ukakosa matokeo chini ya serikali, ambako mishahara ilichelewa zaidi. Kwangu somo liko hapo: mwalimu huweza kustahimili mshahara mdogo kwa muda, lakini tarehe isiyojulikana humvunja.

Kwa walio kwenye ajira ya kudumu, shida huhamia kwenye hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 huruhusu makato hadi theluthi mbili, kwa hiyo mwenye 45,000 anaweza kihalali kwenda nyumbani na 15,000. Nyongeza ikitangazwa, nafasi ya kukopa hufunguka, na maajenti wa mikopo hupiga simu kabla pesa hazijaingia. Mwezi unaofuata mwalimu yuko palepale, ila ana deni la miaka sita.

Shule zinazolipa walimu wenyewe, hasa za binafsi zilizo mitaani kama Mukuru na Mathare, hukosea kwa kupanga mishahara kulingana na karo inavyoingia. Walimu wanne wa 18,000 ni 72,000 kwa mwezi. Muhula, pamoja na likizo yake, ni miezi minne: 288,000. Ukiwa na wanafunzi 400, usigawanye kwa 400. Gawanya kwa 300, kwa kuwa wapo watakaochelewa na wasiolipa kabisa. Utapata 960 kwa kila mtoto. Kiasi hicho kitoke kwanza katika karo ya wiki za mwanzo na kiwekwe kwenye akaunti ya peke yake, kabla ya basi wala rangi ya ukuta. Weka tarehe moja ya malipo kwenye mkataba. Aprili, Agosti na Desemba zilipwe kama miezi mingine, kwani mwenye nyumba hana likizo. Kisha, mwalimu akishapata saa zake, mpe vipindi viwili kwa wiki vya kusahihisha humo humo shuleni, na mkaguzi afungue madaftari matano akitafuta maelezo yaliyoandikwa chini ya makosa badala ya kuhesabu vyema.