Kuogelea kwenye michezo ya vijana: tunayoamini na yalivyo kweli

Kila ikija michezo mikubwa ya vijana, iwe Olimpiki ya Vijana au ile ya Vijana wa Jumuiya ya Madola, upande wa kuogelea utasikia maneno yaleyale, na mengi yanatoka kwa watu walioangalia fainali moja kwenye simu basi washakuwa makocha. Napitia yale yanayoniudhi zaidi, mengine haraka mengine kwa kirefu.

"Ile ni michezo ya watoto, haina uzito"

Bwawa ni la mita 50, lilelile. Sheria nazo zilezile, ukiondoka kwenye kibao cha kurukia kabla ya mlio wa kuanza umetolewa, hakuna cha "mwacheni bado mdogo". Kwenye mitindo ya kipepeo na kifua usipogusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja umetolewa, ukikaa chini ya maji ukapitiliza mita 15 kwenye fristaili (mtindo huru), mgongo au kipepeo, umetolewa pia. Na wanaoingia humo sio wanafunzi wa kushika maboya. Mrusi Kliment Kolesnikov, Agosti 2018, alivunja rekodi ya dunia ya mita 50 mgongo kwenye mashindano ya Ulaya ya wakubwa kule Glasgow, sekunde 24.00 kamili, halafu Oktoba mwaka huohuo yuko Buenos Aires kwenye Olimpiki ya Vijana anakusanya dhahabu. Sasa wewe uko leni, yaani njia ya kuogelea, ya jirani yake, utajiambia hii michezo ya watoto? Na kwenye bwawa hilohilo alikuwepo Kristóf Milák wa Hungaria, ambaye dhahabu ya mita 200 kipepeo ya Olimpiki ya Tokyo ikaja kuwa yake.

Halafu kuna wanaodhani vijana wanaiga tu ya wakubwa. Mbona mara nyingine inakuwa kinyume. Relei ya mchanganyiko, wavulana na wasichana timu moja wakipokezana, ilikuwepo Olimpiki ya Vijana ya kwanza kabisa, Singapore 2010, wakati wakubwa wameipata Tokyo, michezo iliyofanyika 2021. Zile mita 50 za mgongo, kifua na kipepeo vijana wanashindania medali tangu zamani, wakubwa wataanza Los Angeles 2028.

"Aliyeng'ara kwa vijana ndiye bingwa wa kesho, aliyeshindwa aanze kutafuta mchezo mwingine"

Hapa ndio nataka nikae kidogo maana hii dhana inaumiza watoto wa watu, na wazazi ndio wanaongoza.

Singapore 2010 Mchina Tang Yi alitwaa dhahabu 6. Sita! Ukiwa pale ungeapa kwamba Olimpiki ya London ni yake. Kweli London 2012 alifika fainali ya mita 100 fristaili na akapata shaba, kitu kikubwa tu, ila sio ule utawala watu waliousubiri. Kwenye Singapore hiyohiyo alikuwepo Chad le Clos wa Afrika Kusini, akaondoka na dhahabu ya mita 200 mchanganyiko (hapa mtu mmoja anaogelea mitindo yote minne), miaka miwili mbele London huyohuyo anamshinda Michael Phelps ukutani kwenye mita 200 kipepeo, 1:52.96 kwa 1:53.01. Nani angetabiri?

Lakini mfano wangu mimi ni Ahmed Hafnaoui wa Tunisia. Buenos Aires 2018 alikuwa na miaka 15, mita 400 fristaili akawa wa nane, mita 800 wa saba. Yaani kwa hesabu za wale wataalamu wa kwenye simu huyo kwisha habari yake. Tokyo akaingia fainali ya mita 400 kwa nafasi ya nane, ya mwisho kabisa, akapewa leni ya 8, akashinda kwa 3:43.36. Miaka 18. Bingwa wa Olimpiki.

Kwa nini inatokea hivi? Kwa sababu miaka 15 hadi 18 miili haiendi kwa saa moja. Mmoja ameshabalehe zamani, mabega yamejaa, mikono mirefu, mwenzake wa umri uleule bado miaka miwili mitatu aanze kurefuka, na mara nyingi wasichana wanatangulia kukua, ndio maana utaona binti wa 16 anashindana na wakubwa kabisa wakati kaka yake bado anasubiri mwili. Yule aliyetangulia kukua anashinda leo kwa nguvu, akija kufikiwa na wenzake kimwili ndio unaona kama mbinu ipo au haipo. Kocha mwenye akili anaangalia kijana anavyogeuka ukutani, anavyoshika maji, taimu yake inashukaje msimu kwa msimu. Medali anaipongeza halafu kesho yake mazoezi alfajiri kama kawaida.

"Leni ya 4 ina maji mazuri, ndio maana washindi wanatoka katikati"

Hapana. Leni zinagawiwa kwa taimu. Kwenye bwawa la leni 8 aliye na taimu bora anawekwa ya 4, anayemfuata ya 5, kisha 3, 6, 2, 7, 1, na wa nane anakwenda leni ya 8. Kwa hiyo walioko katikati ndio walikuwa na kasi tangu mchujo, hamna uchawi. Ni kweli katikati unawaona wapinzani vizuri zaidi, ila zile kamba za leni zimetengenezwa kuvunja mawimbi na kingo za bwawa zinameza maji yanayofika pembeni. Hafnaoui nimeshamsema.

"Zama hizi za kompyuta wawili hawawezi kupewa dhahabu moja"

Wanapewa. Rio 2016, mita 100 fristaili wanawake, Simone Manuel wa Marekani na Penny Oleksiak wa Kanada, ambaye ndio kwanza alikuwa na miaka 16, waligusa sawasawa na kila mmoja akavaa dhahabu. Mashine ina uwezo wa kupima zaidi ya hapo, ila sheria imeamua tuishie sehemu ya mia ya sekunde. Kisa chake kinatoka Munich 1972, Gunnar Larsson alimshinda Tim McKee mita 400 mchanganyiko kwa sekunde 0.002, ambayo ni kama milimita tatu tu za maji, na mabwawa hayajengwi kwa usahihi huo, leni moja inaweza kuzidi nyingine kwa zaidi ya hapo. Sasa hapo unampima mtu au unampima fundi saruji?

"Nguo ndio inaogelea"

Zile za plastiki mwili mzima zilipigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Siku hizi ni kitambaa, wanaume kiunoni hadi gotini, basi.

"Watu weusi mifupa mizito, maji sio yao"

Aisee hii bado ipo, na inasemwa na weusi wenyewe. Anthony Nesty wa Suriname alishinda mita 100 kipepeo Seoul 1988, 53.00 dhidi ya 53.01 ya Matt Biondi. Simone Manuel nimemtaja hapo juu. Miili inatofautiana kweli, hata ndani ya familia moja, ila kinachoamua ni bwawa liko wapi, kocha yupo au hayupo, na mtoto kaanza lini. Ndio maana naisubiri Dakar, Olimpiki ya Vijana imepangwa kuanza 31 Oktoba 2026, mara ya kwanza michezo ya Olimpiki kufika Afrika.

"Anayemaliza wa mwisho kwa mbali alikuja kutalii"

Kuna nafasi za upendeleo kwa nchi ambazo hazijapata mwogeleaji wa kufikia viwango, zimewekwa makusudi ili mchezo usibaki wa mataifa kumi. Wengi wanaocheka wanamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Sydney 2000, mita 100 kwa 1:52.72. Wanachosahau ni kwamba wenzake wawili kwenye hiti yake, yaani kundi lake la mchujo, walitolewa kwa kuwahi kuruka, kwa hiyo aliogelea peke yake bwawa zima, na alifika. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake.