Kundi la damu likilingana, kazi ndiyo kwanza imeanza: kwa familia zenye mtu anayejitolea figo

Malalamiko kuhusu upandikizaji wa figo yameongezeka, na mengi yanafanana: ndugu amejitokeza, kundi la damu linalingana, lakini hospitali "inawazungusha". Hakuna anayezungushwa. Uchunguzi wa mchangiaji huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na anayeuharakisha humweka hatarini mtu aliyekuja akiwa mzima.

Kinachovunja mipango mingi ni kipimo cha kulinganisha damu moja kwa moja. Chembe nyeupe za damu ya mchangiaji huchanganywa na seramu ya mpokeaji, yaani majimaji ya damu yake yasiyo na chembe. Seramu hiyo ikiwa na kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazozishambulia chembe hizo, zitaishambulia na figo pia, na figo inaweza kuharibika ndani ya dakika au saa chache tu baada ya kuunganishwa. Mtu hupata kingamwili hizi kwa kuongezewa damu, kwa ujauzito au kwa kiungo alichopandikizwa awali. Ndiyo maana mke aliyezaa anaweza kuikataa figo ya baba wa watoto wake. Si uchawi, wala si dalili kwamba ndoa ina kasoro. Tunaomba maneno hayo yaachwe. Na ndiyo maana anayesubiri figo haongezewi damu ovyo pale ambapo madini ya chuma na sindano za kuchochea mwili utengeneze damu yake zinatosha.

Kipimo hiki hurudiwa siku chache kabla ya upasuaji, kwa sababu kingamwili hubadilika. Majibu ya zamani hayatufai hata kama yalikuwa mazuri.

Mchangiaji naye hupimwa kwa mambo mengi, na mkojo wa saa 24 ndio unaokosewa zaidi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa na saa inaandikwa. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye chupa, pamoja na ule wa asubuhi inayofuata, saa ile ile. Ukikojoa mara moja tu nje ya chupa, sema, uanze upya. Ukinyamaza, hesabu ya jinsi figo zako zinavyochuja damu itatoka chini ya ukweli na utaonekana mgonjwa kumbe huna tatizo. Hufuata picha ya CT ya mishipa: wapo wenye ateri mbili au tatu kwenye figo moja, na daktari wa upasuaji hapaswi kuligundua hilo mezani. Figo ya kushoto hupendelewa kwa kuwa vena yake ni ndefu, hivyo ni rahisi kuiunga.

Kisha mchangiaji huhojiwa faragha, bila mgonjwa na bila kaka mkubwa wa kumsemea. Ataambiwa kwamba figo inayobaki huongeza kazi hadi kufikia takriban asilimia 70 ya uchujaji wa awali, na kwamba hatari ya kufa kutokana na upasuaji ni ndogo sana, lakini ipo. Anaweza kujitoa hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Familia itaambiwa tu kwamba hakufaa kuchangia, na maswali yataishia hapo.

Kuhusu fedha: kumrudishia mchangiaji nauli, gharama za vipimo na kipato alichokosa si kununua figo. Kulipia figo yenyewe ni kosa la jinai karibu kila nchi, na kwa kawaida sheria humgusa muuzaji, mnunuzi na dalali. Nyaraka za kughushi undugu ni kosa jingine juu ya hilo. Msituambie kwamba muuzaji "aliridhia mwenyewe": chini ya Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, mtu aliyepatikana kwa vitisho, kwa udanganyifu au kwa kutumia unyonge wake ili atolewe kiungo, ridhaa yake haimwokoi aliyempata.

Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Kuanzia hapo kazi kubwa ni dawa. Takrolimasi ya kawaida, dawa inayozuia mwili kuikataa figo, humezwa kila baada ya saa 12. Siku ya kliniki, damu ya kupima kiwango cha dawa hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza, kipimo kimeharibika, na daktari anaweza kukupunguzia dozi ambayo hukupaswa kupunguziwa. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha kiwango cha dawa hii, klarithromaisini (dawa ya kuua bakteria) na balungi hukipandisha. Mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba umepandikizwa, na dawa za mitishamba uziache.

Mkojo ukipungua, homa ikifika nyuzi 38 au miguu ikivimba, njoo siku hiyo hiyo. Usisubiri maumivu: mara nyingi mwili huanza kuikataa figo bila mtu kuhisi chochote, na kinachopanda kwanza ni kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, ambayo huonekana maabara tu.