Ndoo Ikishafungwa: Subira ya Mpishi wa Bia ya Nyumbani

Kupika bia nyumbani ni kazi ya siku moja na kungoja kwa wiki tano hivi. Siku ya kupika mikono haikai. Jioni ndoo inafungwa, na kuanzia hapo mwenye kazi ni hamira. Ni katika siku hizo za kukaa bila kazi ndipo bia nzuri huharibiwa: mpishi anafunua, anaonja, anakoroga, anahamisha, na mwisho anaitia kwenye chupa kabla ya wakati. Subira ya kazi hii inafundishika. Ukijua hamira imefika hatua gani leo, hungoji gizani, na unaitambua pia ile siku adimu ambayo kungoja peke yake hakusaidii.

Nichukue mfano wa lita 20 za bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu. Kilo 4.5 za kimea cha shayiri kilichovunjwavunjwa kinaloekwa kwenye lita 13.5 za maji ili mchanganyiko utulie kwenye nyuzi 66 za Selsiasi, kwa dakika 60. Maji yaanze na nyuzi 72 hivi, maana nafaka baridi huyashusha. Ikiwa ni maji ya bomba yenye klorini, nusu kidonge cha metabisulfiti inatosha kwa maji yote ya siku hiyo. Bila hivyo bia inaweza kutoka na harufu ya dawa ya hospitali, na harufu hiyo haiondoki hata ukingoja mwaka.

Joto la kuloweka ndilo linaloamua mambo ya wiki mbili zijazo. Kati ya nyuzi 62 na 65 vimeng'enya vya kimea hutoa sukari nyepesi, ambazo hamira huzila karibu zote, na bia inatoka kavu. Ukifika 70 na kuendelea, unapata sukari nyingi ndefu ambazo hamira ya kawaida haiziwezi. Kipimajoto kinachokosea kwa nyuzi 4 leo kinaweza kukuletea bia iliyogoma, yaani iliyoacha kuchachuka, kwenye 1.020 (uzito wake ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000), nawe ukailaumu hamira bure. Kipime kwenye maji ya barafu iliyosagwa: kisome sifuri.

Machicha yakishasuuzwa kwa maji ya nyuzi 75 na kupatikana lita 25, chemsha kwa dakika 60 bila mfuniko. Gramu 30 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, zenye asidi ya alfa (chanzo cha uchungu huo) asilimia 6 ziingie mwanzoni, na gramu 20 dakika 10 kabla ya kuzima. Ukifunika sufuria, ile harufu ya mahindi ya kuchemsha iliyopaswa kutoka na mvuke inabaki ndani. Poza haraka kwa koili ya shaba hadi nyuzi 18, tia kwenye ndoo iliyotakaswa, tikisa sana ili oksijeni iingie, kisha nyunyiza gramu 11 za hamira kavu ya bia. Hii ndiyo mara moja tu oksijeni inapokaribishwa.

Saa 72 za kwanza

Asubuhi ya pili watu huanza kuingiwa na hofu. Kizibo cha hewa, kile cha kwenye mfuniko kinachotoa gesi nje kwa vipovu, kimekaa kimya, hakuna povu. Hamira wakati huo inajenga utando wa seli zake kwa oksijeni uliyoitikisia na inazaliana. Kuonekana kwa povu huchukua saa 6 hadi 24, na ikichelewa hadi saa 72 bado si msiba kama usafi ulizingatiwa. Kuongeza pakiti ya pili baada ya saa 12 ni kupoteza pakiti.

Kizibo cha hewa, kwa maoni yangu, kimewapotosha wapishi wengi kuliko chombo kingine chochote. Ndoo za plastiki huvujisha gesi pembeni mwa mfuniko, hivyo bia inaweza kuchachuka kwa nguvu bila kizibo kutoa hata kipovu kimoja. Kinyume chake, bia iliyokwisha inaweza kuendelea kutoa vipovu kwa siku kadhaa kwa sababu chumba kimepata joto na gesi iliyoyeyuka inatoka. Vipovu ni dalili tu. Kipimo ni haidromita, chombo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji.

Hofu inayostahili siku hizo ni ya joto. Hamira ikikolea hutoa joto lake yenyewe, na katikati ya ndoo panaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 22 kinamaanisha bia ya nyuzi 26, na hapo hamira nyingi za eli, aina ya bia kama hii yetu, hutoa alkoholi nzito zinazochoma koo. Kungoja hakuzipunguzi kwa kiasi cha maana. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunge kitambaa kilicholowa, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni kwa siku 3 au 4 za mwanzo. Siku hizo ndizo zinazotengeneza ladha, kwa hiyo baada yake unaweza kulegeza. Asiyeweza kupoza achague hamira inayopenda joto: kveik za Norwei hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kupima bila kusumbua

Kipimo cha mwanzo cha bia yetu ni kama 1.050, na tunatarajia ishuke hadi 1.010 au 1.012. Tofauti ikizidishwa kwa 131 inakupa kilevi: 1.050 kutoa 1.011 ni 0.039, sawa na asilimia 5.1. Usipime kila siku. Kila kipimo kinakula mililita 100, na sampuli hairudishwi ndooni kamwe. Pima siku ya 7, halafu siku ya 10, halafu siku ya 12. Namba zikilingana mara tatu na ziko karibu na ulipotarajia, uchachukaji umekwisha.

Hakikisha unasoma sawa. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 20; kwenye nyuzi 30 unaongeza karibu 0.0025. Mapovu ya gesi hung'ang'ania shina lake na kuliinua, basi lizungushe kwa vidole kabla ya kusoma. Refraktomita, chombo kinachopima sukari kwa kupinda kwa mwanga, ni nzuri siku ya kupika, lakini kilevi kikishaingia inasoma juu mpaka uirekebishe kwa hesabu, na wengi wametangaza bia imegoma kumbe ni chombo tu.

Bia iliyogoma kweli inajulikana: namba imesimama, tuseme 1.024, kwa siku 4 au 5. Sababu za kawaida ni chumba kupoa usiku hamira ikazama, hamira kuwa chache au ya zamani, oksijeni haba mwanzoni, au lile joto la kuloweka. Kwanza peleka ndoo mahali penye nyuzi 21 na uizungushe taratibu bila kufungua, ili mashapo yainuke. Subiri siku 3. Isiposogea, usinyunyize hamira kavu juu ya bia yenye kilevi, kwani hushtuka na kulala. Iamshe kwanza kwenye nusu lita ya maji matamu ya kimea, uimwage ikiwa inatoa povu. Kama tatizo ni joto la kuloweka, hata hamira hiyo haitashusha kitu. Hiyo ni bia nzito yenye utamu, na inanyweka.

Namba zikishasimama mahali pake, mtu hutamani kuchukua chupa papo hapo. Mpe hamira siku 3 zaidi kwenye nyuzi 20 au 21. Katika kuchachua huwa imeacha njiani diasetili, yenye ladha ya siagi, na asetaldehaidi, yenye ladha ya tufaha bichi. Sukari ikiisha, hamira hurudi kuvila vitu hivyo. Ukiiondoa bia mapema juu ya hamira yake, unabaki navyo. Kuna jaribio rahisi: weka sampuli mbili kwenye glasi zilizofunikwa, moja kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 20, nyingine ibaki baridi. Poza ile ya moto, zinuse zote. Kama iliyopashwa inanukia siagi, bado hujafika.

Usitishwe na sura. Povu la kahawia lililoganda pembeni, visiwa vya hamira vinavyoelea, mashapo mazito chini: vyote ni kawaida. Utando mkavu mweupe wenye mikunjo, unaotanda juu ya bia baada ya povu kushuka, ndio wa bakteria au hamira pori. Mara nyingi umeletwa na bomba lenye mikwaruzo au koki ya ndoo ambayo haikufunguliwa na kusafishwa ndani. Mpira wa kunyonyea ubadilishwe mara kwa mara; bei yake ni ndogo kuliko lita 20.

Chupa

Hapa papara ina hatari ya mwili. Bia iliyochachukia kwenye nyuzi 20 bado ina gesi ya ujazo wa 0.85 hivi ndani yake, yaani lita 0.85 za gesi kwa kila lita ya bia. Tunataka 2.4, na gramu 4 za sukari kwa lita huongeza ujazo 1. Kwa hiyo tunahitaji gramu 6.2 kwa lita, yaani gramu 125 kwa lita 20. Sasa fikiri mtu ametia chupani kwenye 1.015 bia iliyokuwa inaelekea 1.011. Pointi hizo 4 zina takriban gramu 8 za sukari kwa lita, zaidi ya sukari yote aliyoiongeza. Gesi inafika zaidi ya ujazo 4, na chupa ya kawaida ya bia haikuundwa kwa hilo. Inapasuka, na vioo vinaruka.

Pima sukari kwa mizani, usitumie vijiko. Ichemshe kwenye mililita 250 za maji, imimine kwanza kwenye ndoo safi, kisha inyonyee bia juu yake, mdomo wa mpira ukiwa chini kabisa ili isirushe mapovu. Bia ikimeza hewa sasa, ndani ya wiki chache itakuwa na ladha ya boksi la karatasi lililolowa. Koroga polepole sana kwa kijiko kilichotakaswa. Sukari isipoenea, chupa moja itakosa gesi na nyingine itafoka. Jaza ukiacha sentimita 3 juu. Chupa ziwe za kahawia, kwa sababu mwanga hugeuza asidi za hopsi kuwa uvundo, na jua kali hulifanya hilo ndani ya dakika chache.

Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Ikiwa ngumu kama jiwe ukiibonyeza, gesi imeingia. Ikiwa bado inabonyea, nyingine zote ziache. Kwenye nyuzi 20 hadi 22 hili huchukua wiki 2 hadi 3. Halafu ziweke kwenye baridi siku 2, gesi iyeyuke na mashapo yashikane chini. Ukifungua moja ikafoka yote, zipoze zote karibu na sifuri, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, ulegeze kila kizibo gesi itoke.

Tatizo la pili ni chupa zisizo na gesi baada ya wiki 3. Mara nyingi chumba ni baridi, chini ya nyuzi 16. Zipeleke penye joto, uzipindue mara moja ili hamira inyanyuke, subiri siku 10.

Andika tarehe kwenye kila kizibo. Bia ya hopsi nyingi inywewe ndani ya miezi 2, maana harufu yake ndiyo inayoondoka kwanza. Bia nyeusi nzito ya asilimia 8 na zaidi ifungue ya kwanza mwezi wa 3, ya pili mwezi wa 6, uandike tofauti, kisha uamue zilizobaki zikae hadi lini.